Kitundu kilichozibwa kwa gundi: kisa cha regulata ya kompresa ya nyumbani

Hiki ni kisa kimoja nilichokishika mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha mwenye mashine, ila vipimo na mpangilio wa matukio nimeviacha kama vilivyokuwa kwenye daftari langu. Nimekiandika kirefu kwa sababu kosa la katikati nimeliona kwa watu wengi sana, na kosa la pili ni langu mimi.

Usuli

Mwenye mashine anapaka rangi fanicha ndogo ndogo nyumbani, jioni na wikendi. Kompresa yake, yaani mashine ya kubana hewa, ni ile ya kawaida kabisa, tanki la lita 50, swichi ya presha inazima mota ikifika kama bar 8, yaani karibu psi 116 (bar na psi zote ni vipimo vya presha), na inawasha tena ikishuka chini ya psi 90 hivi. Kuna geji mbili za presha, moja inasoma tanki na nyingine inasoma hewa iliyokwisha kupita kwenye regulata, kile kifaa cha kupunguzia presha inayokwenda kwenye mpira, hii ya pili ndo anayoiangalia akiwa anapaka, anaiweka psi 40. Mashine ina miaka minne na kidogo.

Kabla sijaenda mbali nieleze regulata inafanyaje kazi maana bila hili kisa chote kitakupita. Ukizungusha nobu, yaani kishikio cha regulata, unakandamiza springi, springi inaisukuma daiframu ambayo ni sahani ya mpira, daiframu inasukuma kipini, kipini kinafungua kizibo cha valvu kilichoko chini yake na hewa ya tanki inaanza kupita. Hewa ikijaa upande wa kutokea inaisukuma daiframu irudi juu, nguvu ya hewa ikilingana na ya springi kizibo kinafunga. Mizani tu, hakuna uchawi. Regulata nyingi za kompresa ndogo zina kitu cha ziada, nacho ni kwamba presha ya kutokea ikizidi ile uliyoweka, daiframu inapanda zaidi mpaka inaachana na kipini, katikati yake panafunguka upenyo mdogo, hewa iliyozidi inaingia kwenye kofia ya springi na kutoka nje kupitia kitundu kilichopo shingoni mwa regulata. Kitundu chenyewe ni kidogo kama kimetobolewa kwa sindano na watu wengi wanaishi na mashine miaka bila kukiona.

Kabla sijaitwa

Malalamiko ya kwanza hayakuhusu presha kabisa. Kompresa ilianza kujiwasha yenyewe. Jamaa amemaliza kazi, ameiacha na umeme na hewa tankini, baada ya nusu saa hivi anasikia mota inaunguruma, inajaza, inazima, nusu saa tena inaunguruma. Akajua kuna mahali panavuja, na hapo alikuwa sahihi. Akachukua maji ya sabuni na brashi akapaka jointi zote moja moja, na hapo pia alifanya vizuri kuliko mafundi wengine ninaowajua. Povu likatokea sehemu moja tu, kwenye kale kakitundu ka shingoni.

Sasa fikiria uko mahali pake. Umetafuta uvujaji, umeupata, unauona kwa macho unapuliza mapovu. Akachanganya gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili, akaziba. Kesho yake mashine kimya, hairudii kujiwasha ovyo, akaona kazi imeisha.

Siku tatu nne baadaye ikaanza shida nyingine ambayo yeye hakuihusisha na ile ya kwanza. Anaweka psi 40, anaenda kuchanganya rangi, akirudi sindano ya geji iko 70, mara nyingine 90. Anapunguza nobu, sindano haishuki, anavuta triga ya bunduki ya rangi inashuka kidogo, akiachia inapanda tena. Mlango mmoja wa kabati ukaharibika kwa sababu mpulizo wa kwanza ulitoka kwa nguvu ukatawanya rangi na kutengeneza machozi chini. Akaona geji imekufa. Akanunua mpya, akafunga, ikasoma vilevile. Akaanza kuamini kwamba geji mpya nayo ni mbovu.

Halafu jioni moja mpira wa hewa ukachomoka kwenye nipo, ile ncha ya chuma unapovalishwa mpira. Ulikuwa mpira mwepesi wa kujikunja, umebanwa kwa klipu ya kawaida, haukuwa wa kubeba presha yote ya tanki siku nzima. Ukarusha kichwa, ukapiga ukuta mara mbili na ukamkosa mtoto aliyekuwa amekaa mlangoni. Kapla ya chuma, kile kiungio cha mpira, iliacha alama kwenye plasta. Niliiona ile alama, ilikuwa kwenye usawa wa uso wa mtoto aliyekaa. Ndo akapiga simu.

Siku ya kwanza: nilichoamua na kwa nini

Kwenye simu nilimwambia vitu vitatu tu, chomoa umeme, toa hewa yote, usiiguse mpaka nije. Nikifika huwa sishiki spana kwanza, nauliza. Nilimuuliza ilianza lini, na kabla ya hapo uligusa nini. Swali hilo la pili ndo lililofungua kisa. Akanionyesha gundi akiwa na furaha kabisa, "ile ya kuvuja nilishaimaliza fundi."

Niliamua kuiona shida ikitokea kabla ya kufungua kitu. Lakini sikutaka kujaza tanki hadi 116 kwenye regulata iliyozibwa, na sikutaka mpira wowote uwe umefungwa, kwa hiyo nilikubaliana naye tujaze mpaka psi 60, tuchomoe umeme, kapla ibaki tupu imejifunga yenyewe. Nikaweka presha ya kutokea 30 kwa kupandisha kutoka chini, maana ukiweka kwa kushusha kutoka juu unaweza kudanganyika. Halafu tukakaa na saa. Dakika moja, 34. Dakika tatu, 43. Dakika ya tano, 51. Dakika ya tisa geji zote mbili zilikuwa zinasoma sawa, 58, na nobu sijaigusa. Hewa hakuna anayeitumia, presha inapanda, maana yake kizibo cha valvu hakifungi. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote, na ndicho ambacho kingeokoa pesa ya geji.

Nikatoa hewa, geji zote mbili zikarudi sifuri vizuri, nikamwambia kaka geji zako zote nzima, ya zamani na mpya, zilikuwa zinasema kweli.

Bado kulikuwa na swali moja. Hewa ikitoka kwenye kitundu cha shingoni inaweza kuwa mambo mawili tofauti. Inaweza kuwa daiframu imepasuka, au kizibo cha chini hakifungi na upenyo wa usalama unajitahidi kutoa kinachozidi. Kuvitofautisha ni rahisi. Tanki likiwa tupu nilichokonoa gundi kwa pini mpaka kitundu kikafunguka, tukajaza tena hadi 60, nikalegeza nobu kabisa mpaka springi haina kazi. Kama tatizo lingekuwa daiframu peke yake, kizibo kingefunga, upande wa kutokea usingepata hewa na mlio ungekufa. Haukufa. Niliweka kidole chenye mate pale shingoni, kiupepo kinatoka taratibu bila kukoma. Basi kosa liko chini, kwenye kizibo na kiti chake, yaani ule mdomo ambao kizibo kinakalia kikifunga.

Ukiunganisha unaona gundi ilifanya nini. Mwanzoni kizibo kilikuwa kinapitisha hewa kidogo, inapanda juu ya 40, upenyo unaitoa nje, sindano inabaki karibu na pale pale. Hasara ilikuwa ni kelele ya mota na umeme. Kitundu kilipozibwa hewa ile ile ikawa haina pa kutokea, na kibaya zaidi ikajaa ndani ya kofia juu ya daiframu. Kule juu panatakiwa pawe na hewa ya kawaida ya nje ili mizani ifanye kazi. Pakijaa presha inakuwa kama springi imeongezewa mkono, inaisukuma daiframu chini na kufungua kizibo zaidi. Kwa hiyo haikuwa tu kwamba shida imefichwa, regulata iligeuzwa ikawa bomba wazi. Na ndo maana alipolegeza nobu sindano haikushuka.

Tulichokuta ndani

Nikachomoa umeme, nikatoa hewa yote kupitia kapla, nikafungua kofia. Springi safi. Daiframu safi, niliivuta vuta kwenye mwanga, haina ufa. Nikafungua nati ya chini, kizibo kikatoka na springi yake ndogo na maji ya rangi ya chai ya rangi yakadondokea kiganjani.

Uso wa kizibo ni raba, na kwenye raba kulikuwa na duara lililochongeka na kiti, hilo la kawaida kwa umri wake. Lakini kwenye duara upande mmoja kulikuwa na gamba la kutu limelala kama kipande cha ukucha, na chini yake raba imeliwa kidogo. Pembeni kidogo kulikuwa na uzi wa tepu nyeupe ya mafundi bomba umejisokota. Uzi ule ulitokea kwenye jointi ya kuingilia, aliyeikaza zamani alizungusha tepu mpaka mdomoni kabisa mwa nyuzi za jointi, yale mapindo ya kukazia, ikakatika na kusafiri na hewa.

Hapa nililazimika kuchagua, kusafisha au kubadilisha regulata nzima. Sikuwa na mpya mkononi, jamaa alikuwa na kazi ya mtu ya kukabidhi keshokutwa, na regulata hii ni ya aina inayofunguka, sio zile zilizobanwa kiwandani ambazo ukifungua umeua. Nikasafisha kiti kwa kitambaa na kijiti cha mbao, chuma sikipitishi hapo maana ukikwaruza kiti umemaliza kila kitu. Nikarudisha. Tukajaza mpaka mwisho, tukaweka 40, tukasubiri dakika 20, sindano haikusogea. Nikautoa ule mpira mwepesi, nikamwambia atumie wa presha kubwa wenye ncha zilizobanwa kiwandani. Na nikampa sharti ambalo nililisisitiza mara tatu, ukimaliza kazi chomoa mpira, toa hewa, usiiache imejaa na wewe haupo, mpaka tubadilishe hiki kitu.

Siku tisa baadaye

Akapiga simu asubuhi. "Fundi, imeanza kulia tena pale shingoni, nimeshaitoa hewa, sijaigusa." Sindano ilikuwa imepanda kutoka 40 mpaka 46 tu, kitundu kikiwa wazi kinatoa kilichobaki. Hakuna kilichoharibika.

Nilirudi na regulata mpya, ila kabla ya kuifunga nilifanya nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza, nikalala chini na kufungua koki ya chini ya tanki. Haikutoa kitu. Ilikuwa imeziba. Nikaitoa kabisa, nikachokonoa kwa waya, ikakohoa mara moja halafu ikaanza kumwaga. Tulikinga kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa juu, ikajaa mpaka karibu na pale tulipokata, maji mazito ya kahawia na magamba ya kutu chini yametulia kama mchanga.

Nilimuuliza huwa unatoa maji mara ngapi, akaniambia kwa unyenyekevu kabisa hakujua kama kuna maji. Na mtu atajuaje? Hewa ya kawaida ina unyevu, ukiibana ikapata moto halafu ikapoa kwenye tanki la chuma, unyevu unageuka maji na kukaa chini, hauonekani popote mpaka ufungue koki. Miaka minne. Kila alipoihamisha mashine au kuiinamisha, maji yalikuwa yanapata njia ya kupanda na kubeba kutu mpaka kwenye kizibo. Ningeweza kusafisha kile kizibo kila wiki hadi kizeeke.

Tulichofunga na matokeo

Tulifunga regulata mpya yenye upenyo wa usalama, nikiangalia inavumilia presha ya kuingia kubwa kuliko ya tanki. Mshale kwenye bodi ya regulata unaelekea hewa inakokwenda, uangalie kabla ya kukaza, nimeshakuta zimefungwa kinyume. Nyuzi nazo, robo inchi ziko za aina mbili zinazofanana machoni, moja ina nyuzi 19 kwa inchi na nyingine 18, ukilazimisha itaingia mizunguko miwili mitatu halafu itang'ang'ania na kuvuja milele. Tepu nikazungusha nikiacha nyuzi mbili za mwanzo wazi.

Kabla ya regulata, upande wa tanki, tukaweka filta ya kukamata maji na uchafu, ile yenye kikombe cha plastiki angavu. Kwa anayepaka rangi kuna jambo la kuzingatia hapa, kikombe hicho kinaoshwa kwa maji ya sabuni tu, tina, ile ya kuyeyushia rangi, inakipasua, na kinapasuka kikiwa kimebeba presha.

Vipimo baada ya hapo: tuliweka 40, tukaiacha nusu saa bila matumizi, sindano palepale. Tanki lilijazwa jioni hadi 115 na umeme ukachomolewa, asubuhi lilikuwa 111. Mota haijiwashi tena ovyo.

Kilichobaki kikanisumbua ni tanki lenyewe. Kutu ile ilitoka kwenye chuma, maana yake chuma kimepungua mahali. Nilimwambia asilitumie mpaka lipimwe kwa maji, yaani linajazwa maji kabisa na kusukumwa presha, likishindwa maji yanavuja tu, halilipuki kama lingekuwa na hewa. Lilipimwa na mtu mwenye vifaa vya kazi hiyo, likashika, na hakuna palipofanya jasho. Lingeonyesha hata tundu la sindano tungelitupa, tanki la hewa lililoliwa na kutu halichomelewi kiraka.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kuuliza nini kiliguswa kabla. Ningefika na kuanza na geji kama yeye, ningeweza kupoteza siku nzima, kwa sababu dalili ya pili iliifunika ya kwanza na mwenyewe aliamini ni mashine mbili zenye magonjwa mawili. Kuangalia sindano kwa dakika tisa bila kutumia hewa pia kulilipa, na kulegeza nobu kabisa kukamaliza ubishi wa daiframu au kizibo kabla hata kofia haijafunguliwa. Na lile sharti la kutoa hewa, naliweka hapa kwa uzito kamili, kwa sababu ukarabati wangu wa kwanza ulishindwa na sharti ndilo lililofanya kushindwa kwake kusimdhuru mtu.

Kilichoshindwa upande wa mwenye mashine si uvivu, alitafuta uvujaji kwa njia sahihi kabisa. Alichokosa ni kujua kwamba si kila tundu linalotoa hewa ni bovu. Kama hewa inatoka kwenye jointi, ziba jointi. Kama inatoka kwenye tundu lililotobolewa kiwandani, duara safi, basi uliza kwanza kwa nini limewekwa pale. Sefti valvu, ile ya kutoa hewa tanki likizidi presha, ni hivyo hivyo, nimekuta watu wameiziba kwa boliti kwa sababu inapiga kelele, na hiyo ni hatari kubwa kuliko hii mara nyingi, kwa kuwa pale kinacholindwa ni tanki zima.

Geji mpya ilikuwa hasara ndogo lakini ilikuwa na madhara mengine, ilimpa sababu ya kuendelea kutumia mashine siku nyingine kadhaa akiamini anatafuta kosa. Geji ikikushangaza, ijaribu kabla ya kuinunulia mwenzake: toa hewa yote uone kama inarudi sifuri, au fungua nobu mpaka mwisho uone kama inakubaliana na ya tanki. Hilo la pili lifanye mpira ukiwa umechomolewa.

Upande wangu, siku ya kwanza nilitoa hewa kupitia kapla, juu, kwa sababu ni haraka. Ningeitoa kupitia koki ya chini ningeona imeziba siku ile ile. Nilikuwa nimeshika maji ya kutu kiganjani na uzi wa tepu mbele yangu, nikaufuata uzi wa tepu mpaka kwenye jointi yake nikafurahi, kutu sikuifuata. Kusafisha kizibo kwa dharura bado naona ulikuwa uamuzi sahihi kwa hali ilivyokuwa, ila kuondoka bila kulitazama tanki hapana. Tangu siku hiyo, mashine yoyote ya hewa ninayoitiwa naanzia chini, koki kwanza, hata kama nimeitwa kwa ajili ya swichi au belti.

Regulata ya zamani ninayo bado, kitundu chake kina mabaki ya gundi pembeni. Mtu akiniambia ameziba uvujaji shingoni naitoa mfukoni, nampa aipulize kwa mdomo kutoka upande wa kuingilia huku amelegeza nobu, na kidole ameweka pale pale penye gundi.